Wiki Sita za Kutoa Kopi

SWALI: Shikamoo Mzee. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa tatu, nasomea sayansi ya siasa. Niko atachimenti katika chama cha wafanyabiashara hapa mjini, kitengo cha uhusiano na serikali. Nilidhani nitakaa na waheshimiwa nione sera zinavyotungwa. Wiki sita sasa natoa kopi za memoranda, yaani maoni ya maandishi yanayopelekwa kwa kamati za Bunge, nazipiga stepla, kisha nakaa kiti cha nyuma katika vyumba vya kamati nikiandika nani kasema nini. Nauli natoa mfukoni mwangu. Mhadhiri anataka ripoti ya kurasa 15. Nitaandika nini? Na kazi hii ina lolote zaidi ya kubembeleza wabunge?
Mwanafunzi, Kahawa Wendani

JIBU: Marahaba, binti yangu. Hizo memoranda unazotoa kopi, huwa unazisoma?

Siulizi kwa ubaya. Kazi hiyo niliifanya miaka mingi kwa niaba ya wafugaji wa ng'ombe wa maziwa. Siku yangu ya kwanza mbele ya kamati nilibeba kurasa 12 za kilio: bei ya chakula cha mifugo, barabara za matope, maziwa kumwagwa. Mwenyekiti alinisikiliza kwa adabu hadi mwisho, kisha akauliza, "Sasa bwana, unataka tubadilishe kifungu kipi?" Mswada wenyewe nilikuwa nao mkobani, sijaufungua. Nikaanza kuupekua pale pale, watu wakinitazama. Tulipotoka, karani wa kamati alinionea huruma, akanivuta kando kwenye ukumbi. Akaniambia niandike karatasi moja tu: nambari ya kifungu, maneno yalivyo, maneno tunayoyataka, na sababu kwa mistari mitatu. Shahada ninayo, lakini hilo nilifunzwa na karani.

Jambo la pili ni wakati. Mswada ukisomwa mara ya kwanza hutajwa kichwa tu, kisha huenda kwenye kamati. Hapo ndipo kamati huweka tangazo gazetini kuomba maoni, maana Kipengele cha 118 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinalitaka Bunge lishirikishe umma. Wengi huamka mswada unaposomwa mara ya pili, wabunge wakinguruma na kamera zikiwaka. Kufikia hapo ripoti ya kamati mara nyingi imeshaandikwa. Bado mbunge anaweza kuleta marekebisho, ila lazima umpate wa kukubebea, na wenzako wote wanamtafuta huyo huyo. Tena ujue unabisha mlango upi. Mswada wa fedha hushughulikiwa na Bunge la Kitaifa peke yake. Ukimpelekea seneta kilio chako cha ushuru, atakupa chai na pole.

Sitakudanganya kwamba karatasi huamua kila kitu. Mwaka 2024, ile VAT, kodi ya ongezeko la thamani, ya asilimia 16 kwenye mkate iliondolewa katika Mswada wa Fedha hata kabla ya kura. Wapo waliopeleka memoranda, lakini siku hiyo hiyo, Juni 18, vijana walikuwa wameshaingia barabarani. Nani aliuokoa mkate? Mpaka leo tunabishana kwenye meza ya chai. Juni 25 mswada ukapita kwa kura 195 dhidi ya 106, watu wakauawa nje ya Bunge, na kesho yake Rais akakataa kuutia saini. Mtu wa kazi yetu aliyekuwa akihesabu kura za ndani tu hakuiona hesabu ya nje.

Kubembeleza kupo, sikatai. Lakini mbunge ana miswada mingi na wasaidizi wachache, na humkumbuka mtu aliyempa tarakimu ambayo haikumwaibisha alipoitamka. Usipojua jibu, sema "nitakuletea kesho", kisha ulete kweli. Na ukitumwa upeleke bahasha usiyoonyeshwa kilichomo, kataa, hata kama anayekutuma ndiye atakayekutilia saini fomu ya chuo. Sheria ya Hongo ya 2016 inamshika mtoaji sawasawa na mpokeaji.

Sasa ripoti. Chagua kifungu kimoja kilichogusa chama chako. Usichukue mswada mzima, utazama. Kiweke kilivyochapishwa mwanzo. Weka memoranda zilivyokisema, zenu na za wapinzani wenu. Unazo, wewe ndiye uliyezitolea kopi. Kisha fungua daftari lako la kiti cha nyuma ulinganishe na ripoti ya kamati: ni maneno ya nani yaliingia, ya nani yaliachwa? Nani aliongea dakika 20 akaambulia mstari mmoja? Kama mswada umefika ukumbini, malizia na Hansadi, kumbukumbu rasmi ya yanayosemwa Bungeni. Daftari hilo hata wahadhiri wako hawana. Kurasa 15 hazitatosha, utaanza kumwomba mhadhiri nafasi zaidi.

Kuhusu nauli, zungumza na msimamizi wako, Jumatatu asubuhi kabla vikao vya kamati havijammeza. Nenda na karatasi moja: kiasi kwa siku, siku ngapi, unaihitaji kufikia lini, na sababu kwa mistari mitatu.