Ugomvi wa chama unaanzia kwenye orodha ya wajumbe

Wakuu, hii nawaandikia hasa makatibu wa kata na wilaya na vijana mnaopewa kusimamia chaguzi za ndani, chama chochote kile. Hizo meza nimezikalia muda mrefu na ninachokiona kila msimu ni kwamba mtu akishindwa kihalali atanuna wiki mbili tatu halafu utamkuta kwenye kampeni kavaa sare, ila yule aliyekatwa jina bila kuambiwa sababu anaondoka na watu wake wote.

Angalieni chama cha CUF. Prof. Lipumba alijiuzulu uenyekiti Agosti 2015, mwaka uliofuata akarudi akidai bado ni mwenyekiti, upande wa Katibu Mkuu Maalim Seif ukakataa, Msajili wa Vyama vya Siasa akamtambua Lipumba, kesi zikavutana mahakamani mpaka Machi 2019 na hukumu ilivyompa Lipumba ushindi Maalim na watu wake wakahamia chama cha ACT-Wazalendo, ile kaulimbiu yao ya kuhama "shusha tanga pandisha tanga", Zanzibar ofisi zikabadilishwa rangi fasta. Mahakama inaweza kusema nani kiongozi halali, lakini haiwezi kuwarudisha watu matawini.

Sasa njoo uchaguzi wa mwenyekiti wa CHADEMA Januari 2025, ukumbi wa Mlimani City, Dar es Salaam. Wapambe walikuwa wameshatukanana mitandaoni vibaya mno, ila kura zikahesabiwa, Lissu 513 Mbowe 482, na Mbowe aliyekuwa mwenyekiti tangu 2004 akakubali na kumpongeza mwenzake. Mimi nilifurahi sana kwakweli, maana tofauti ya kura 31 ingetosha kabisa kuvunja chama usiku uleule. Lakini haikuishia pale, Mei wapo waliotoka wakaenda chama kingine, CHAUMMA, walipishana na uongozi mpya kuhusu msimamo wa kutoshiriki uchaguzi bila mabadiliko, na wengi wao walikuwa kambi ya Mbowe. Kwahiyo kura safi ni nusu ya kazi tu.

Ushauri wangu: anza na orodha ya wajumbe, tena mapema. Ibandike ukutani ofisini na kila mgombea apewe nakala. Kuna kata tulikaa na wagombea wawili ambao hata salamu walikuwa hawapeani, tukasoma jina kwa jina, waliofariki wakatolewa, waliohama wakatolewa, wakabishana weee mpaka giza likaingia, mwisho wote wawili wakasaini. Siku ya kura hakuna aliyepiga kelele za mamluki na aliyeshindwa hakukata rufaa, angekata rufaa ya nini wakati orodha kaisaini mwenyewe?

Ukikata jina la mtu mpe sababu kwa maandishi na umwambie rufaa anapeleka wapi na mwisho lini. Kura ifunguliwe na kuonyeshwa moja moja mbele ya mawakala, hata kama wajumbe wamechoka wanataka kuwahi gari. Na nauli za wajumbe zilipwe na chama, mgombea akishaanza kulipia watu magari na chakula ujue hapo hakuna uchaguzi tena, kuna mnada.

Kura zikiisha ndo pagumu. Washindi wanaingia kwenye grupu la WhatsApp wanaanza kuwaita wenzao wasaliti, na katibu yupo anasoma kakaa kimya. Usikae kimya hata kidogo, futa hizo meseji na umpigie simu mwenyekiti mpya akataze watu wake yeye mwenyewe, maana wanamsikiliza yeye sio wewe. Halafu aliyeshindwa umfuate nyumbani kwake, uende na huyo mshindi, na mwende na kazi mkononi yenye bajeti na maamuzi, sio ile ya "mshauri" ambayo hata kikao haitwi. Akikataa mara ya kwanza rudini tena baada ya wiki, wengi hukataa mara ya kwanza kwasababu wapambe wao wanawaangalia.