Neno Moja la Kiswahili, Mawili ya Kiingereza

"Kijana wangu, si uliniambia imekwisha?"

Aliyeniuliza hivyo ni mzee mmoja mfanyabiashara wa Kariakoo, na swali lake bado ninalo kichwani. Nilikuwa na mwaka wa pili katika ofisi ya wakala wa forodha, Kurasini. Kontena lake la vigae lilikuwa limetoka bandarini salama, ushuru umelipwa, nami nikampigia simu kumpa habari njema kwamba faini ya kuchelewa imekwisha, apakue mzigo kwa nafasi. Naye akapakua kwa nafasi. Kontena likakaa kwenye ghala lake Buguruni siku 11. Kisha kampuni ya meli ikaleta ankara mpya, ya dola, na juu yake imeandikwa "detention". Neno nililokuwa nimelisoma kwenye barua pepe ya kwanza lilikuwa "demurrage".

Kwa kampuni nyingi za meli, "demurrage" ni malipo ya kontena lenye mzigo kukaa bandarini kupita siku za bure. "Detention" ni malipo ya kontena hilo hilo kukaa mikononi mwako nje ya bandari kupita siku ulizopewa, mpaka ulirudishe likiwa tupu. Hesabu moja hufungwa kontena linapotoka getini, na nyingine hufunguliwa hapo hapo. Sisi ofisini zote mbili tulikuwa tunaziita faini ya kuchelewa. Ndani ya jina hilo moja, pesa ya mzee ikapotea.

Kamusi isingeniokoa. Kila neno nilikuwa na tafsiri yake, na tafsiri yenyewe ndiyo iliyonifumba macho.

Tangu siku ile nina daftari. Kila ninapokuta neno moja la Kiswahili linalobeba mawili au matatu ya Kiingereza, naliandika. Vijana wanaokuja kujifunza kazi kwetu huniuliza waanzie wapi na Kiingereza cha ofisini, na wengi huwa wameshabeba orodha za maneno yanayofanana sura: "affect" na "effect", "principal" na "principle", "stationary" na "stationery". Sizidharau. Pita barabara yoyote ya Dar utaona kibao cha duka la kutoa kopi kimeandikwa "stationary", yaani kitu kilichosimama pasipo kusogea, badala ya "stationery", yaani vifaa vya kuandikia. Ukitaka kuliweka kichwani hilo, kumbuka kwamba zamani huko Ulaya "stationer" alikuwa muuza vitabu mwenye kibanda cha kudumu, tofauti na yule aliyetembeza bidhaa zake kama machinga wetu. Chama chao cha London kilianzishwa mwaka 1403 na kupewa hati ya kifalme mwaka 1557. Bidhaa za huyo "stationer" ndizo "stationery", na ile "er" ya jina lake imebaki ndani ya neno.

Lakini kosa la namna hiyo linachafua tu barua. Msomaji atakunja uso kidogo, kisha ataelewa. Ninaloliogopa mimi ni lile ambalo sentensi yake imenyooka, tahajia safi, na bado aliyeandika na aliyesoma wanaondoka kila mtu na lake.

Chukua "mpaka". Tunasema "nitakuwa Tanga mpaka Ijumaa", na tunasema pia "mpaka Ijumaa niwe nimeleta nyaraka". Kijana wa ofisini kwetu alimwandikia muuzaji wa Guangzhou kwamba tutatuma nyaraka "until Friday". Yule muuzaji akajibu kwa adabu akiuliza zitakuja kwa mafungu mangapi, maana alielewa kwamba tutakuwa tunatuma, tunatuma, mpaka Ijumaa ifike ndipo tuache. Alichotakiwa kuandika ni "by Friday". Mimi huwafundisha kulipima jambo hilo kwa Kiswahili kwanza. Kama sentensi yako inakubali "niwe nimefanya", hiyo ni "by": tendo la mara moja, litimie kabla muda haujaisha. Kama inakubali "nitaendelea kufanya", hiyo ni "until": hali inayodumu, kisha ikome. Kipimo hiki hakijanitupa, na hakihitaji kukariri kanuni yoyote ya Kiingereza.

Na hapo ndipo ninapopenda kukaa na wanafunzi wangu, kwenye Kiswahili chenyewe. Mara nyingi tofauti unayoihangaikia unayo tayari mdomoni. "Remember" na "remind" zinawasumbua watu wazima wenye shahada, lakini hakuna Mtanzania anayechanganya "kumbuka" na "kumbusha". Hakuna anayechanganya "panda" na "pandisha", ambazo ukisema bei ni "rise" na "raise". "Leta" na "peleka" ni "bring" na "take". "Sikia" na "sikiliza" ni "hear" na "listen". Kiswahili huweka tofauti mkiani mwa kitenzi mara nyingi, Kiingereza hubadilisha neno zima. Ukijisikia umetia "-sha" au "-za", simama, huenda kuna neno jingine la Kiingereza linakusubiri.

Palipo hatari ni pale mkia umeanguka. Kwa usahihi, anayechukua anaazima na anayetoa anaazimisha, lakini mtaani tunasema "niazime kalamu" na tunaelewana. Ndiyo maana unasikia "borrow me your pen". Dawa yake ni kuhamia kwenye neno ambalo halijapoteza mkia: anayekopa ni "borrow", anayekopesha ni "lend". Hata kama ni kalamu, iwazie kama mkopo.

"Usalama" nao ni mzigo mzito hapa bandarini. Geti lile lile, mlinzi mmoja anakuuliza helmeti na reflekta, mwingine anakuuliza kitambulisho na kibali cha kuingia, na vyote kwetu ni usalama. Helmeti na reflekta ni "safety", kujikinga na ajali. Kitambulisho ni "security", kujikinga na mtu mwenye nia mbaya. Tofauti hiyo imeandikwa hata kwenye sheria za bahari za kimataifa. Mkataba wa SOLAS, ambao toleo la kwanza lilitungwa mwaka 1914 baada ya Titanic kuzama, una "safety" ndani ya jina lake, kwa ajili ya roho za watu baharini. Kanuni za ISPS zilizoanza kutumika Julai 2004 zina "security", kwa ajili ya ulinzi wa meli na bandari. Ukiandika ripoti kwamba kuli ameteleza na kuumia, halafu ukaiita "security incident", itakwenda kwenye meza ya watu wanaotafuta mhalifu.

"Kodi" ni hivyo hivyo. Mwenye nyumba anadai kodi, TRA, yaani mamlaka ya mapato, nayo inadai kodi. Na mpangaji wa ofisi hukata asilimia 10 ya pango kama kodi ya zuio na kuipeleka TRA, kwa hiyo barua moja inaweza kusema kodi imekatwa kwenye kodi na sisi tukaielewa. Kwa Kiingereza, ya mwenye nyumba ni "rent", ya serikali ni "tax". Mgeni ana sura tatu: uliyemkaribisha ni "guest", usiyemjua ni "stranger", wa nchi nyingine ni "foreigner". Yule wa kupewa jembe siku ya tatu ni "guest". Usiandike hata siku moja kwamba ofisi yako inasubiri "strangers" kutoka Dubai.

Mara chache mzigo unageuka. Kiingereza kina "sorry" moja, sisi tuna "pole" na "samahani", na hapa naona Kiswahili kimewazidi kwa mbali. Lakini lazima ujue unachokituma. Mteja akikuarifu kwamba mzigo wake umelowa, wewe unataka kumpa pole, ukaandika "we are sorry" peke yake, anaweza kuisoma kama samahani, yaani umekiri kosa. Andika "we are sorry to hear that", na hapo pole yako imefika ikiwa pole.

Nimeliacha "kutegemea" mwisho kwa sababu ndilo ninalolipigania zaidi. Siku hizi kila mtu anategemea: nategemea kusafiri, mvua zinategemewa kunyesha, meli inategemewa kesho. Anayetegemea kweli ni mtoto kwa mama yake, na hiyo ni "depend". Meli tunaitarajia, na hiyo ni "expect". Tena kuna kutumaini, ambako ni "hope". Anayetarajia ana msingi: meli imeshaondoka Mombasa, mwendo wake unajulikana, nafasi gatini imetengwa. Anayetumaini ana hamu tu. Karani wa kampuni ya meli huchagua kati ya maneno hayo mawili kwa makusudi, kwa sababu moja linampa wajibu na jingine linamwacha huru. Ukiyatafsiri yote kuwa "tunategemea", umemnyang'anya mteja habari muhimu kuliko zote kwenye barua ile.

Yule mzee wa vigae niliendelea kumhudumia. Fidia hakudai, ila kila nikimpigia alinitaka nimsomee barua neno kwa neno. Juzijuzi nilimpigia nikamwambia kampuni imeandika kuhusu meli yake kufika Jumatano. Alikuwa ameshaongea na mwenye malori.

"Wametarajia au wametumaini?" akauliza.

"Wametumaini, mzee wangu."

"Basi malori yakae kwanza."

Meli ikafunga gati Jumapili.