Muulize Mwalimu: Kaveera Kwenye Sufuria, Chupa Juani na Mengineyo

Barua za mwezi huu zimejaa plastiki, kuanzia kaveera, yaani mfuko mwepesi wa plastiki. Nilifundisha kemia miaka mingi hapa Jinja, Uganda, na darasani mwanafunzi akirudia swali lililojibiwa jana nilimwambia akasome daftari lake. Nyinyi hamna daftari, basi nitawajibu. Kwa ukali kidogo.

Mwenye hoteli ya chakula, Jinja: Mwalimu, nani amesema kufunika matoke kwa kaveera ni vibaya? Mama yangu amepika hivyo miaka ishirini, hakuna aliyeugua.

Nimesema mimi, na nitasema mpaka nizikwe. Bibi yako alivika matoke majani ya mgomba, na angekuta kaveera kwenye chungu chake angemwaga vyote. Kaveera iliingia jikoni kwa kuwa ni rahisi kupata na inabana mvuke, chakula kikaiva upesi. Kwa bei ya makaa ya siku hizi nakuelewa, mama. Lakini sikiliza.

Plastiki ya kaveera yenyewe, ile minyororo mirefu ya kaboni, haina makuu. Molekuli zake ni kubwa mno kuhamahama. Shida ni vile vilivyochanganywa humo kiwandani: rangi, vilainishi, dawa za kuikinga isiharibiwe na jua na hewa, wino wa maandishi. Hivyo havikuungana na plastiki. Vimekaa kama abiria kwenye taksi ya Kampala: wamo ndani ya gari lakini si sehemu ya gari, na kituo kikifika wanashuka. Joto ni kituo. Mafuta ni kituo. Muda mrefu ni kituo. Ukiacha matoke yachemke saa mbili chini ya kaveera, na bakuli la mchuzi wa karanga limefungiwa humo humo, umewapitisha vituo vyote vitatu kwa safari moja.

Nyeusi ndiyo siitaki hata kuiona. Mara nyingi hutengenezwa kwa plastiki iliyoyeyushwa upya, na hakuna ajuaye ilikuwa nini zamani: beseni, ganda la televisheni, au kopo la dawa ya kupe. Plastiki za vifaa vya umeme hutiwa kemikali za bromini za kuzuia moto, na ukiyeyusha plastiki hizo, kemikali hazitoki. Zinahamia kwenye kitu kipya.

Na hiyo hoja ya miaka ishirini imenichosha. Hii si sumu ya panya, kwamba ule leo udondoke kesho. Kemikali za plastiki kama ftaleti, zinazotumiwa kuilainisha, na bisfenoli huvuruga homoni. Kwa wanyama wa maabara madhara ya uzazi yameonekana wazi. Kwa watu, tafiti zinazihusisha na matatizo ya uzazi na kisukari, ila huwezi kumshika mgonjwa mmoja mkono ukasema huyu ameumizwa na sufuria fulani. Wauzaji wanalijua hilo, na wanalala vizuri. Nisikudanganye pia: kaveera ya kawaida haitengenezwi kwa bisfenoli. Lakini mfuko wa kubebea sukari haukutengenezwa ili uchemshwe na chakula cha watu, basi.

Nunua majani. Yakikushinda, tumia kitambaa safi cha pamba kilicholoweshwa na mfuniko mzito.

Mwanafunzi, Kampala: Ni kweli maji ya chupa yakiachwa juani kwenye gari yanatoa dioksini na kuleta saratani?

Hapana. Ujumbe huo unazunguka kwenye simu tangu nikiwa na nywele nyeusi, na hii ni mara ya tisa kuulizwa. Dioksini ni sumu kali inayotokea vitu vyenye klorini vinapochomwa, na chupa ya maji haina klorini wala haichomeki kwa kuegeshwa juani. Kinachotoka kwenye chupa hizo ni madini ya antimoni, inayotumiwa wakati wa kuzitengeneza, na kiasi huongezeka joto likizidi na miezi ikipita. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha mikrogramu 20 kwa lita ya maji, na kwa kawaida maji ya chupa hayafiki hapo. Usiweke katoni juani dukani mwezi mzima, usitie chai ya moto ndani ya chupa ya maji, kisha uache kuwatisha wenzako. Maji ya kisima yasiyochemshwa yatakulaza hospitali kabla antimoni haijajua unaitwa nani.

Fundi, Arua: Takataka zangu huchoma jioni, plastiki pamoja. Moshi huo una ubaya gani?

Hapo sasa ndipo dioksini ilipo, ndugu yangu. Watu wanaiogopa kwenye chupa halafu wanaipika wenyewe uani kila jioni. Vipande vya bomba la plastiki ya PVC, viatu vya plastiki, ngozi ya nyaya za umeme: hivyo ndivyo vyenye klorini. Mnaochoma nyaya ili mpate shaba mnapumua pia asidi, na wakati mwingine madini ya risasi, kwa kuwa PVC nyingi za zamani zilitiwa risasi kuziimarisha. Jivu likibaki, kuku wanalidonoa, na dioksini hukaa kwenye mafuta ya yai. Ndani ya mwili wa mtu ile kali zaidi huchukua miaka saba au zaidi kupungua nusu. Najua gari la taka halifiki kwenu, na hata linakofika tuliona yaliyotokea kwenye jalala la Kiteezi, Kampala, Agosti 2024, lundo likaporomoka na kuua zaidi ya watu 30. Tenganisha: maganda yaende shambani, chupa na majerikeni uwape wanaonunua kwa kilo, kinachobaki kifukie mbali na kisima. PVC usiitie moto hata siku moja.

Mama kijana, Mbale: Nimenunua chupa ya mtoto iliyoandikwa haina BPA. Niwe na amani?

Amani nusu. BPA, yaani bisfenoli A, ilijulikana kuiga homoni ya kike tangu 1936, kabla haijawa plastiki ya mtu yeyote, na bado ikatengenezewa chupa za kunyonyeshea. Ulaya iliiondoa kwenye chupa za watoto 2011, Marekani 2012. Viwanda vikafanya nini? Vingi vikaweka BPS, yaani bisfenoli S, ndugu yake wa tumbo moja, ambayo kwenye maabara ina tabia zilezile. Maandishi yanakwambia kilichoondolewa, hayasemi kilichowekwa mahali pake. Mwaka 2023 mamlaka ya chakula ya Ulaya ilipunguza kiwango cha BPA ambacho mtu anaweza kukila kila siku bila wasiwasi mara 20,000. Si mara mbili. Walichotuambia mwanzo ni salama kilikuwa na kosa la ukubwa huo.

Ukiweza, nyonyesha. Kama ni maziwa ya unga, yanahitaji maji ya nyuzi 70 au zaidi ili kuua vijidudu, na hapo plastiki haifai: watafiti wa Ireland walionyesha 2020 kwamba chupa za polipropilini zikitikiswa na maji ya moto hutoa mamilioni ya chembe ndogo za plastiki kwa lita. Kwa hiyo changanya kwenye jagi la chuma au glasi, acha yapoe, ndipo umimine kwenye chupa. Na usichemshe maziwa upya ndani ya chupa yenyewe, nimeona watu wakifanya hivyo.

Msomaji, Entebbe: Nambari zilizo chini ya makopo zina maana gani?

Zinataja aina ya plastiki: 3, 6 na 7 usitie chakula cha moto, 2 na 5 zina afadhali. Nimeshaliandika mara nne. Nambari haitaji viungo vilivyochanganywa, na hivyo ndivyo vinavyohama: Umoja wa Mataifa ulihesabu 2023 kemikali zaidi ya 13,000 zinazohusiana na plastiki, na zaidi ya 3,200 kati yake zina sifa za kutia wasiwasi.

Mkulima, Kasese: Jerikeni la dawa ya kunyunyizia pamba, nikilisugua kwa jivu na mchanga naweza kulitilia maji ya kunywa?

Hapana. Plastiki hutoa, na pia hunywa; dawa imeingia kwenye ukuta wa jerikeni na itatoka polepole wakati wake ukifika. Lisuuze mara tatu, maji hayo uyarudishe kwenye bomba la kunyunyizia, kisha litoboe ili hata jirani asiliokote.

Mfanyabiashara, Busia: Na hii mifuko inayooza?

Mingi haiozi, inavunjika vipande. Kipande kidogo ni kigumu kuokota kuliko kikubwa. Ulaya imepiga marufuku aina hiyo tangu 2021.

Msomaji, Bombo: Kaveera si ilipigwa marufuku? Mbona imejaa sokoni?

Ilipigwa marufuku 2009. Ikapigwa tena katika Sheria ya Mazingira ya 2019. Rwanda waliamua 2008 na wakamaliza, Kenya 2017, Tanzania 2019. Ukivuka pale Busia ukiwa na kaveera, askari wa upande wa pili ndiye atakayekukumbusha. Sisi tuliandika mikroni 30, na mikroni ni sehemu ya elfu ya milimita: nyembamba kuliko hapo ni haramu, nene ni halali. Nani ana kipimo cha mikroni soko la Nakasero? Mwenye kiwanda anakuambia mfuko wake una 31, nawe unatikisa kichwa.

Halafu unene hausaidii kabisa kwa ninachokililia. Mfuko mnene una plastiki nyingi zaidi, kwa hiyo na viungo vingi zaidi vya kuhama. Sheria ile iliandikwa kwa ajili ya mitaro inayoziba, kama ule wa Nakivubo, na mitaro inastahili. Matumbo hayakufikiriwa.

Msomaji, Iganga: Mwalimu, wewe mwenyewe nyumbani hutumii plastiki?

Natumia. Kiti ninachokalia, jerikeni la maji ya kuogea, mswaki. Plastiki baridi na kavu sina ugomvi nayo. Ugomvi unaanza chakula kinapotoka motoni.

Nikienda Kampala basi husimama Namawojjolo, na vijana hukimbilia madirishani na kuku wa kuchoma, mafuta bado yanachuruzika, wakimtia kwenye kaveera. Siku hizi nabeba bakuli langu la chuma lenye mfuniko. Mara ya kwanza nilipolinyoosha dirishani, kijana aliliangalia, akaniangalia mimi, akaniuliza kwa upole: mzee, unampelekea mgonjwa?