Tumepanda mikoko mara tatu na yote imekufa: tunakosea wapi?

SWALI: Sisi ni kikundi cha kina mama na wavuvi katika pwani ya Kenya. Tangu 2021 tumepanda mikoko mara tatu kwenye uwanda wa tope ulio mbele ya kijiji, pale ambapo mawimbi yanakula ufuo. Kila mara miche inasimama vizuri miezi miwili mitatu, kisha inageuka manjano na kufa. Safari ya mwisho tulipanda miche elfu kumi. Iliyobaki haifiki mia mbili. Mfadhili yuko tayari kutupa mingine. Je, tubadilishe mbegu, tubananishe miche zaidi, au tungoje msimu mwingine? Na je, twaweza kuuza hewa ya ukaa, yaani kulipwa kwa kaboni inayohifadhiwa na miti, kama wenzetu wa kijiji cha Gazi, Kwale?

JIBU: Poleni sana. Kuinama kwenye tope saa nzima na mtoto mgongoni, halafu urudi ukute vijiti vikavu, ni jambo linalouma. Nimewahi kusimamia upandaji ulioisha hivyo hivyo, na nilichojifunza siku zile ndicho nitakachowaambia: msipokee miche mingine kwa sasa. Mbegu zenu hazina kasoro. Nina shaka kubwa na mahali.

Jiulizeni kwanza swali moja ambalo wengi hulipita: kwa nini mikoko haijaota hapo yenyewe? Mkoko mmoja uliokomaa huangusha mbegu ndefu nyingi kila mwaka, na maji yanazibeba huku na huku. Kama kuna msitu karibu yenu, basi mbegu zimekuwa zikifika kwenye uwanda huo tangu enzi za mababu. Zisiposhika, kuna kinachozizuia, na hicho hicho ndicho kinachoua miche yenu.

Mara nyingi kinachozizuia ni kimo cha ardhi. Watu hudhani mkoko, kwa kuwa ni mti wa bahari, hauchoki maji. Sivyo. Mizizi yake inahitaji kupumua maji yanapokupwa. Kwa jumla mikoko huota katika nusu ya juu ya eneo kati ya maji kupwa na maji kujaa. Ukiupanda chini ya hapo, mche unakaa majini saa nyingi mno kila siku. Huishi kwanza kwa akiba iliyomo ndani ya mbegu, ndiyo maana mnaona miezi miwili mitatu ya matumaini, kisha akiba inakwisha. Ng'oeni mche mmoja uliokufa muutazame kwa karibu. Mkikuta shina limefunikwa na vile viumbe vidogo vyenye magamba makali, vinavyoshika pia kwenye ngalawa, mjue mche huo ulikuwa ukiishi ndani ya maji.

Kulipima hili hakuhitaji mashine. Chukueni fimbo sita au zaidi, mzichore kwa chaki kuanzia chini hadi juu. Wakati wa maji kupwa, chomekeni nusu yake ndani ya msitu wenye afya ulio karibu, kwenye ukingo wake wa mbele, na nusu nyingine mlipopanda. Chagueni siku ya bamvua, yaani ya maji makubwa ya mwezi mpya au mwezi mpevu, ambayo bahari imetulia, kwa sababu wimbi litaharibu alama. Maji yakijaa yatafuta chaki hadi yalipofika. Yakipwa tena, pimeni kuanzia ardhini hadi chaki inapoanza. Tuseme msituni mmepata sentimita 80 na penu sentimita 130: uwanda wenu uko chini ya msitu kwa nusu mita, na hakuna aina ya mche itakayoziba pengo hilo. Rudieni siku mbili tatu ndipo muamini.

Fanyeni kazi hiyo pamoja na wazee wa uvuvi na kina mama wanaookota chaza. Waulizeni: palikuwa na miti hapa zamani? Ilikuwa miti gani, na iliondokaje? Wakisema hapajawahi kuwa na mti, pengine ni uwanda wa tope au wa nyasi za bahari tangu asili, wenye samaki na ndege wake. Kuupanda mikoko ni kuuharibu bila kupata msitu.

Hamko peke yenu katika kosa hili. Nchini Sri Lanka, baada ya tsunami ya 2004, mikoko ilipandwa kwa bidii kubwa. Watafiti walipokagua maeneo 23 baadaye, katika maeneo 9 hawakukuta hata mche mmoja hai. Huko Ufilipino miche mingi ilipelekwa kwenye tope la mbele kwa sababu tope hilo halikuwa na mwenyewe, ilhali ardhi iliyofaa, ile iliyokuwa msitu, ilikuwa imeshageuzwa mabwawa ya samaki. Nawaomba mlitafakari hilo katika kikao chenu. Je, uwanda wenu ulichaguliwa kwa kuwa unafaa, au kwa kuwa haugombaniwi?

Kisha tazameni nyuma ya kijiji. Mara nyingi eneo la kurejesha liko huko: msitu uliokatwa kuni na boriti, shamba la chumvi lililoachwa, hori, yaani mkono wa bahari unaoingia bara, lililozibwa na barabara. Maji ya bahari yakizuiwa kuingia na kutoka, chumvi hurundikana na miti hufa. Yakibeba udongo mwingi, mizizi huzikwa, kama ilivyotokea hori la Mwache, Mombasa, baada ya mvua za El Niño za 1997 na 1998. Ukizibua mkondo wa zamani, maji yakapita tena, mbegu huja zenyewe, na kila aina ya mikoko hushika pake: mlilana mbele, mkoko wenyewe (aina yenye jina hilo) nyuma yake, kisha mkandaa, na mchu kwenye chumvi ya juu. Huko Florida, mtaalamu Roy Lewis alirejesha misitu mikubwa kwa kurekebisha maji na kimo cha ardhi, akiiachia bahari kazi ya kupanda. Miche ni ya pale tu ambapo mbegu hazifiki. Ila msichimbe bila ruhusa; mikoko ya Kenya ni msitu wa serikali, hivyo piteni kwenye chama cha kijamii cha misitu na ofisi ya misitu.

Ufuo unaoliwa nao je? Ukanda wa mikoko wa mita 100 unaweza kupunguza kimo cha mawimbi kwa asilimia 13 hadi 66, kutegemea unene wa msitu na ukubwa wa wimbi. Kwa hiyo ulindeni kwa wivu ukanda mlio nao tayari, hata ukiwa mwembamba. Mti uliosimama leo unafanya kazi leo.

Kuhusu hewa ya ukaa: mradi wa Mikoko Pamoja wa Gazi, ulioanza 2013, una hekta 117, na takriban 107 kati yake ni msitu wa asili uliokuwapo. Wanalipwa hasa kwa kuulinda. Nyuma yao palikuwa na miaka mingi ya upimaji wa watafiti, na makubaliano ya kijiji kuhusu nani aamue matumizi ya fedha. Kwa eneo dogo lenye miche mia mbili, gharama ya ukaguzi peke yake itawameza. Liwekeni kando kwanza.

Kwa mfadhili, semeni wazi. Mwambieni fedha za miche elfu kumi zitumike kupima, kuzibua mkondo na kulipa walinzi wa msitu, na ahesabu hekta zenye miti hai baada ya miaka mitatu badala ya idadi ya miche siku ya kupanda. Akikataa, ni afadhali mkose miche yake kuliko kuwachosha kina mama kwa mara ya nne.

Bamvua ijayo chomekeni fimbo. Niandikieni vipimo vya pande zote mbili, na majina ya miti iliyo kwenye ukingo wa msitu, tuanzie hapo.