Dada wa Bagamoyo, usitume hiyo nusu iliyobaki

Dada, salamu baadaye. Umeandika kwamba umeshalipa nusu ya bei ya mtoto wa jemani shepadi, kwamba akikua utampeleka kwenye maonyesho ya mbwa Nairobi, na unaomba wazoefu tukwambie chakula, kamba, namna ya kumzoesha kusimama mbele ya jaji, na karatasi za kuvukia mpaka wa Kenya pale Horohoro. Halafu huko chini, kwa mstari mmoja, unasema muuzaji amekuahidi kuwa "cheti cha ukoo kitafuata". Mie nimekwama kwenye mstari huo.

Hakifuati! Nina dume hapa Tanga, Chumbageni, mlinzi hodari, watoto wa mtaa wote wanamjua kwa jina. Cheti chake kiko njiani tangu alipokuwa wa kubebwa kwa mkono mmoja. Sasa ana mvi mdomoni.

Elewa kwanza usajili unaozaa cheti hicho unavyokwenda, maana wauzaji hawa wanakula kwa sababu wageni wa mambo haya hawaujui. Mnunuzi hamsajili mtoto wa mbwa. Anayesajili ni mfugaji mwenye jike, na husajili uzao mzima kwenye klabu, akitaja namba ya baba na namba ya mama. Kwa ukanda wetu klabu inayojulikana ni East Africa Kennel Club ya Nairobi. Mzazi mmoja akiwa hana namba, watoto hawana pa kuingilia, wawe wazuri namna gani. Kwa hiyo siku unapokwenda kumtazama mtoto, wazazi wake ama wamesajiliwa ama hawajasajiliwa. Hakuna cha kusubiri hapo. Mtu anayekwambia usubiri anakuficha kitu.

Mie nilipewa fotokopi. Ina mhuri, ina majina marefu ya Kijerumani, ina namba ya usajili. Nikaambiwa halisi inatoka wiki ijayo, na chipu, kile kidude chenye namba kinachowekwa chini ya ngozi, mbwa keshawekewa. Nikatoa pesa yote, zaidi ya milioni, na bado nikanunua kreti ya kusafiria, brashi, kamba nyembamba ya maonyesho. Ulipofika wakati wa kujaza fomu ya kushiriki nikaandika ile namba. Jibu likaja kwa adabu: namba hiyo ni ya jike. Nikampeleka kwa daktari wa mifugo, akampitishia mashine shingoni na mabegani, pande zote, haikusoma chochote. Chipu hakuna, na kwa karatasi dume langu ni mke wa mtu.

Nikampigia muuzaji. Kwanza mashine ya daktari ni mbovu. Kisha klabu ndiyo imekosea. Kisha yuko safarini. Kisha namba haipatikani. Na aliyenipeleka kwake, mtu niliyekula naye sahani moja miaka na miaka, alikuwa amekatiwa chake kwenye ile pesa. Huyo ndiye anayeniuma zaidi. Muuzaji simjui, sina la kumdai isipokuwa pesa. Lakini wewe rafiki yangu unanitazama machoni, unaniapia kwamba mbwa ana karatasi, na mfukoni una fungu lako?

Basi shika hili, mengine tupa: namba kwanza, pesa baadaye. Omba picha ya vyeti vya baba na mama. Iandikie klabu wewe mwenyewe, kwa anwani uliyoitafuta wewe, si namba ya simu atakayokupa muuzaji "ya mtu wa ofisini". Omba namba ya chipu ya mtoto, tarakimu 15 kama ni ya kiwango cha kimataifa, kisha daktari uliyemchagua wewe aisome mwilini mwa mbwa, na iwe ileile iliyo kwenye karatasi. Soko la Mgandini watu wanabinya papai la elfu mbili pande zote kabla hawajatoa hela. Wewe unataka kulipa mamilioni kwa picha ya WhatsApp.

Umesema pia amekuhakikishia kwamba huyo mtoto "ni wa mashindano". Ana wiki nane! Hana hata meno ya ukubwani. Ana meno 28 ya utoto, ya kikubwa ni 42 na hukamilika karibu na miezi saba, na jaji atayatazama, yaliyopungua yanamwangusha mbwa. Dume lazima awe na kende mbili zilizoshuka zote. Nyingi huwa zimeshuka kwenye umri huohuo wa wiki nane, ila baadhi huchelewa, kwa hiyo mwambie daktari apapase. Na hilo sifa la kwamba baba yake ni "jitu, hakuna kama yeye Dar nzima" lisikuvimbishe kichwa: kiwango cha FCI, shirikisho la kimataifa la klabu za mbwa, kwa dume ni sentimita 60 hadi 65 begani, na kuzidi ni kasoro. Akikuletea mweupe kwa bei ya juu eti rangi adimu, jua kwa kiwango hichohicho jemani shepadi mweupe haruhusiwi. Mfugaji wa kweli atakwambia "huyu anaonyesha dalili nzuri" na hataapa.

Kusimama: tatizo la sisi watu wa pwani ni kwamba mbwa wetu hashikwi na mtu mwingine. Majirani zangu wengi wanajitahadhari na unajisi wake, nami nawaheshimu kwa hilo, lakini jaji ni mgeni na atamfungua mdomo, atampapasa mgongo hadi miguu ya nyuma. Tafuta watu watatu wanne wanaokubali kumshika, kila wiki, tangu akiwa mdogo. Anayeng'aka kwa jaji anatolewa.

Horohoro utahitaji chanjo ya kichaa cha mbwa iliyoandikwa vizuri, cheti cha afya kutoka kwa daktari wa mifugo wa serikali huku kwetu, na kibali cha kuingiza mnyama kutoka idara ya mifugo ya Kenya. Anza mapema.

Lakini narudi palepale, maana najua utasoma habari ya kamba na vibali uisahau ya pesa. Usitume hiyo nusu. Mwandikie huyo bwana leo hii, kwa maandishi, si kwa simu, umwombe namba ya usajili ya baba, ya mama, na namba ya chipu ya mtoto. Akijibu, bandika jibu lake hapa, ficha jina lake, tulisome wote. Akikwambia kuna mteja mwingine anasubiri na uamue kabla ya jioni, mwache mteja huyo amchukue.