Barua kwa mwanangu: Nguvu zikikuishia

Mwanangu mpendwa,

Nimeusoma ujumbe ulionitumia usiku ukiwa wodini, mtoto amelala na dripu mkononi. Umeniuliza: "Mama, kila siku unaniambia nimtegemee Mungu. Namtegemeaje wakati hata nguvu ya kusali sina? Au imani yangu ndiyo haba?" Sikutaka kukujibu kwa simu, maana tungeishia kulia wote wawili na swali lako lingebaki pale pale.

Imani yako si haba. Umechoka. Unatoka dukani Kariakoo jioni, unagombania mwendokasi hadi Kimara, unafika unamkuta mtoto analia mifupa inamuuma, unakesha unamkanda na kumnywesha maji, mumeo yuko na lori njia ya Tunduma, na asubuhi duka linakusubiri. Mwili wa nani usingechoka?

Wapo watakaokuambia Mungu hampi mtu mzigo asioweza kuubeba. Wana nia njema, ila mimi Biblia siisomi hivyo. Pale Paulo anapowaambia Wakorintho kwamba Mungu hatawaacha wajaribiwe kupita wawezavyo, anazungumza habari za kushawishika kutenda dhambi. Kuhusu mizigo ya maisha, fungua barua yake ya pili, sura ya kwanza, usome anavyojieleza mwenyewe: "tulilemewa mno kuliko nguvu zetu, hata tukakata tamaa ya kuishi." Huyo ni mtume! Na sababu anaitaja hapo hapo, kwamba wasijitumainie nafsi zao, bali wamtumaini Mungu awafufuaye wafu. Kwa hiyo kuzidiwa hakujakutoa mikononi mwake.

Halafu msome Eliya, Wafalme wa Kwanza sura ya 19. Ametoka kushinda mlimani Karmeli, malkia Yezebeli anaapa kumuua, anakimbia hadi Beer-sheba, anamwacha mtumishi wake huko, anaingia jangwani peke yake na kuomba afe. Kisha analala. Mungu hakumkemea wala hakumhoji imani yake imekwenda wapi. Malaika alimgusa akamwambia ale, na kichwani pake palikuwa na mkate uliookwa juu ya makaa na gudulia la maji. Akala, akanywa, akalala tena. Mara ya pili akaambiwa: "Inuka, ule, maana safari hii ni kubwa mno kwako." Sisi tungemwambia ajikaze. Malaika alikiri kwamba safari imemzidi. Mazungumzo na Mungu yalikuja baadaye, huko mlimani Horebu, baada ya kutembea siku 40 kwa nguvu za chakula kile.

Jibu langu liko hapo. Nguvu zikiisha, kumtegemea Mungu mara nyingi ni kukubali kulishwa.

Baba yako alipopata kiharusi tulikuwa bado Temeke, wewe uko bweni, mengi hukuyaona. Kuna asubuhi nilianza Baba Yetu nikakwama kwenye riziki, maneno hayaji. Siku hiyo akaingia mama mmoja wa jumuiya yetu ya kanisani. Hakuhubiri. Alipitiliza uani, akalikuta beseni la mashuka yaliyochafuka, akajifunga khanga vizuri, akafua, akasuuza maji mawili, akaanika. Nimekaa kwenye kigoda namtazama, naona aibu mtu baki kushika mashuka yale. Aibu ikaisha, nikasinzia pale pale ukutani. Nilipoamka nilikuta uji mezani umefunikwa kwa kawa. Hadi leo nikiulizwa kama Mungu alinijibu wakati ule, nayataja mashuka yale.

Basi usiku maneno yakigoma, usiyalazimishe. Warumi 8 inasema Roho mwenyewe hutuombea kwa kuugua kusikoweza kutamkwa. Na huku Mbagala jina la mjukuu wangu linatajwa kila jumuiya inapokutana. Sisi tutasali, wewe lala.

Jambo jingine, maana najua linakutafuna: usijilaumu kwa selimundu ya mtoto, ugonjwa huu wa damu wa kurithi. Daktari alitueleza vizuri. Wewe na mumeo kila mmoja alibeba kinasaba hicho bila kuumwa, na katika kila mimba nafasi ya mtoto kuzaliwa na ugonjwa ni moja kati ya nne. Si laana wala mkosi wa ukoo. Na yeyote atakayekuambia umwachishe mtoto dawa yake ya haidroksiyurea ili uoneshe imani, usimsikilize, hata akiwa amevaa joho. Dawa hiyo nayo ni mkono wa Mungu.

Sasa nimepanga hivi, na naomba usibishane nami. Jumamosi nakuja Kimara na nguo zangu za kukaa. Zamu ya usiku ni yangu. Mtoto akilia naamka mimi. Homa ikipanda nitakuamsha, kwa sababu homa kwa mtoto wa selimundu ni ya kukimbiza hospitali, haingoji kukuche. Kliniki ijayo nitampeleka mimi, wewe niandikie tu dawa zake na saa zake kwa herufi kubwa.

Kabla sijafika, yule dada wa jumuiya ya mtaani kwenu, tuliyekaa naye siku ya ubatizo, atakupigia simu. Akikuuliza akusaidie nini, usimjibu "hamna shida, dada, tupo tu." Mwambie nguo za kufua zipo, na maji ya kuchota yapo.

Mama yako