Ndoo ya maji baridi sio mtaji

Tangu baridi ya mwezi wa saba ianze kila mtu kageuka daktari wa bafuni, na zile klipu za "amka saa kumi, oga baridi, utatoboa" zimejaa kwenye kila grupu. Maswali yenu ni mengi, yanayofanana nimeyaunganisha.

Swali: Ni kweli ukianza kujimwagia kichwani unapata kiharusi? (Tabata, na wengine wengi tu)

Nishalijibu hili nikarudia tena, na ile meseji ya WhatsApp ya "profesa" asiye na jina bado mnatumiana. Kiharusi kinaletwa na presha isiyotibiwa, kisukari, sigara na mambo ya aina hiyo, sio kwa sababu umeanza na kichwa ukamaliza na miguu. Kenye ukweli ni hiki: maji baridi ya ghafla yanapandisha presha na mapigo ya moyo kwa muda, na pumzi inakukatika. Kwahiyo mwenye presha au moyo asijirushie ndoo nzima kwa mkupuo, bora maji ya vuguvugu, na vile vidonge anavyoviruka avimeze.

Swali: Nina miaka 22, naoga baridi kila siku saa kumi na moja alfajiri. Kisayansi napata faida gani? (Kimara)

Mdogo wangu, kwanza hapo Kimara huogi baridi. Simtanki limekaa juani kutwa nzima, hata alfajiri maji ya Dar hayajawa baridi ya kumtisha mtu wa Makete. Halafu huo utafiti mnaoutaja kwenye klipu ulifanyika Uholanzi mwanzoni mwa 2015, watu zaidi ya 3,000, na walianza na maji moto kama kawaida yao wakamalizia na baridi sekunde 30, 60 au 90, wakaenda hivyo siku 30. Kukosa kwenda kazini kwa kuumwa kulipungua kwa asilimia 29 ila siku za kuumwa zenyewe hazikupungua. Soma tena hapo. Waliumwa vilevile, ila walienda kazini. Na wa sekunde 90 hawakumzidi wa 30 kitu.

Faida zipo, sikatai: unachangamka, usingizi unakimbia, ngozi haikauki kama ya mtu anayejichemsha kila siku, na hata maji unatumia kidogo maana nani atakaa humo muda mrefu. Ila kama unabeba chuma jimu kutafuta kifua, usimalize mazoezi ukaenda moja kwa moja kujiloweka kwenye pipa la barafu, maana kuna utafiti wa 2015 uliwafuata watu wiki 12 na wa kwenye barafu misuli yao haikuongezeka kama ya wenzao. Utajiri nao sahau. Bibi yangu kule Lushoto kaoga maji ya mtoni toka anazaliwa, yangekuwa yanatajirisha leo ningekuwa nina mtu wa kuniandikia hii kolamu.

Swali: Mama mkwe anasema nitapata nichomi.

Nichomi inaletwa na vijidudu. Msalimie, mwambie shikamoo.

Swali: Yanapunguza kitambi?

Mwili unachoma kidogo ili ujipashe, unatoka bafuni unakula chapati mbili na chai ya maziwa. Hesabu imerudi palepale.

Swali: Na nguvu za kiume je?

Hata nikiandika kuhusu bei ya mabati mtaniuliza hili. Korodani zinapenda ubaridi, ndo maana ziko nje, kwahiyo kama mnatafuta mtoto acha kujiloweka muda mrefu kwenye maji ya moto sana, mbegu zinapungua. Hizo ni mbegu lakini, sio nguvu. Nguvu zikikata kapime sukari na presha kabla hujaenda kununua mzizi kwa mtu.

Swali: Mwanangu yupo kidato cha pili bweni, nyanda za juu huko, ana selimundu. Wanaogeshwa maji baridi alfajiri, matroni anasema anadeka. (Mama, Njombe)

Mama, hadeki. Baridi inabana mishipa midogo ya damu, chembe zake za damu zenye umbo la mundu zinakwama humo, na maumivu yakianza mtu mzima analia kama mtoto. Tanzania ni moja ya nchi zenye watoto wengi wanaozaliwa na ugonjwa huu, kwahiyo hakuna shule itakayosema haijawahi kuona. Nenda kliniki yake wakuandikie barua, nakala moja kwa mkuu wa shule nyingine kwa matroni, na usitume mtu, peleka mwenyewe. Aoge maji ya vuguvugu au aoge mchana jua likiwaka, ajikaushe upesi, avae sweta, anywe maji ya kutosha. Akipata homa au kifua kikimuuma ni hospitali siku hiyohiyo, sio panado na "subiri kesho".

Mimi nilisoma bweni Iringa na kulikuwa na kijana kila baridi ikizidi yuko chumba cha wagonjwa, tukamcheka miaka minne tukimuita mvivu, na walimu wakicheka na sisi. Leo nadhani najua alikuwa na nini. Mwenye pumu naye msimlazimishe.

Swali: Nimejifungua juzi, mtoto nimuogeshe baridi awe ngangari?

Hapana! Mchanga hata kumuogesha mnasubiri masaa 24, na maji yawe ya vuguvugu. Ungangari atajifunza kwenye daladala.

Swali: Baridi imenishinda, natumia hita ya kuchovya kwenye ndoo. Kuna shida?

Shida ipo, inaua. Chomoa kwenye soketi kabisa ndo uguse maji, usiamini swichi, na usitumie ndoo ya chuma. Jiko la mkaa nalo usiliingize ndani ukafunga madirisha, ile hewa yake haina harufu na watu hawaamki. Mwenye uwezo aweke shawa ya umeme, afungiwe na fundi anayejua waya wa ethi ni nini. Ila ya wati 5,500 kwa dakika kumi inakula karibu uniti moja, kwahiyo nyie mnaoimba albamu nzima bafuni LUKU ikikata msimtafute mwenye nyumba.